Apolo Kivebulaya, Mwalimu wa Mboga

Tarehe 30 Mei Waanglikana mahali pengi humkumbuka Apolo Kivebulaya. Tuliwauliza vijana kadhaa wa kwaya kama wanamfahamu, na mmoja akajibu kwamba Apolo ni chombo kilichokwenda mwezini. Tulicheka pamoja naye. Lakini baadaye tuliona kwamba kosa ni letu sisi wazee, maana tumewasimulia vijana habari za maaskofu na wamisionari waliotoka mbali, na huyu mwalimu wa kwetu Afrika tumemwacha nyuma.

Apolo alizaliwa yapata mwaka 1864 katika nchi ya Buganda, mtoto wa wakulima. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda pacha wa kwanza wa kiume huitwa Waswa. Basi hilo ndilo lililokuwa jina lake. Katika ujana wake alimsikia Alexander Mackay, yule fundi mwenye mikono hodari aliyefika Uganda mwaka 1878, akifundisha habari za Yesu. Asidhani mtu kwamba aliongoka palepale. Vita vya dini vilivyoanza mwaka 1888 vilimkuta naye akachukua silaha kama vijana wenzake, na miaka ikapita kabla neno lile halijaota.

Hapa inafaa tueleze jambo moja. Katika Uganda ya siku zile, mtu aliyetaka kuwa Mkristo aliitwa msomaji. Kusoma na kuamini vilikwenda pamoja. Hakubatizwa mtu asiyejitahidi kujisomea mwenyewe Neno la Mungu. Agano Jipya la Kiganda lilikuwa limekwisha kupatikana mwaka 1893, na Biblia nzima ikafuata mwaka 1896. Ilichapwa kitabu kifupi, kinene kama tofali, ili kiingie barabara ndani ya mkebe wa biskuti, mchwa wasikile. Sisi tuliofundisha shule za vijijini tunajua mchwa ni adui wa aina gani kwa vitabu, nasi tunamshukuru aliyewaza jambo hilo.

Waswa alibatizwa Januari mwaka 1895. Jina alilolichagua ni la yule Apolo wa Iskanderia ambaye kitabu cha Matendo, sura ya 18, kinamtaja kuwa hodari katika Maandiko. Jina la pili, Kivebulaya, alipewa na watu, na maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu alipenda kuvaa koti jekundu la askari pamoja na kanzu yake nyeupe. Lilikuwa jina la utani, naye akalibeba mpaka kufa bila kununa.

Mwaka uleule wa 1895 alipelekwa Toro kufundisha. Toro iko magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Ruwenzori yenye theluji. Mfalme wa huko, Kasagama, alikuwa amekwisha kuipokea imani, naye alibatizwa mwaka 1896 kwa jina la Daudi. Mwalimu angeweza kukaa huko kwa raha. Lakini ng'ambo ya mto Semliki, juu ya genge linaloitazama bonde lake, kando ya msitu mkubwa wa Ituri, kulikuwa na nchi ndogo iitwayo Mboga. (Jina hili lisituchanganye na mboga tunayopika, siku hizi huandikwa Boga.) Walimu wawili walikuwa wametangulia huko wakashindwa, kwa maana mtawala wa Mboga, Tabaro, alikataza watu wasiwape wala kuwauzia chakula. Njaa iliwarudisha. Apolo alipopata habari hiyo alijitolea kwenda yeye, na mwisho wa mwaka 1896 akavuka mto.

Tabaro hakuwa amebadili mawazo. Mgeni huyu naye hakuuziwa chakula. Basi Apolo akashika jembe. Alifyeka, akalima, akapanda chakula chake mwenyewe, akajenga nyumba ya kulala na ya kusomea, na asubuhi akapiga ngoma ya kuita watu kwenye sala na masomo. Hapo kwanza walikuja wachache, wengine kwa kutaka kumwona tu mtu huyu aliyenyimwa chakula na bado hajaondoka. Aliwafundisha herufi, kisha silabi, kisha Injili. Na saa za masomo zilipokwisha walimwona tena shambani, kanzu imekunjwa kiunoni.

Tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu tulikuwa tukimpima mwalimu mwanafunzi kwa andalio lake la somo, kwa maandishi yake ubaoni, na kwa sauti yake. Hatukuwa na nafasi katika karatasi zetu ya kuandika jinsi anavyoishi saa nane mchana, darasa likiisha. Nadhani watu wa Mboga walimpima Apolo kwa saa hiyo. Alifundisha juu ya kuwapenda jirani, nao wakatazama kama anawapenda. Alifundisha kwamba ulevi unaharibu nyumba, nao wakatazama kibuyu chake. Alifundisha kwamba mtu asilipe ovu kwa ovu, kama Mtume Paulo anavyowaandikia Warumi katika sura ya 12, na juu ya somo hili walipata nafasi nzuri sana ya kumjaribu.

Ilitokea hivi. Watu walikuwa wakikusanya majani ya kuezekea jengo la Apolo, na dada yake Tabaro akaangukia mkuki uliokuwa umefichika katika majani, akafa. Ilikuwa ajali. Lakini Tabaro, ambaye tangu zamani alichukizwa na mafundisho juu ya pombe na wake wengi, alipata sababu aliyokuwa akiitafuta. Apolo alishtakiwa kwa kuua, akafungwa, akapelekwa Toro kwenye boma la serikali, na huko akatiwa gerezani. Kabla au baada ya hapo alipigwa pia kwa amri ya Tabaro, kipigo cha kufa, akatupwa majanini. Mwanamke mmoja mwamini ndiye aliyemwokota na kumtunza kwa siri.

Tukae hapa kidogo. Mtu ameacha nchi yake, amelima kwa mikono yake, hajamdhulumu mtu, na sasa yumo gerezani kwa damu ambayo hakuimwaga. Kitabu alichokuwa akiwafundisha wengine kinajaa habari za watu wa namna hiyo: Yusufu, Yeremia, Paulo na Sila. Ni rahisi kuzifundisha. Tumezifundisha miaka thelathini na zaidi, tukizichora kwa chaki za rangi, na sauti yetu haikutetemeka hata siku moja. Apolo alizikuta mahali pake. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba humo gerezani alimwona Bwana Yesu aking'aa kama jua, akimtia moyo na kumhakikishia kwamba yuko pamoja naye. Alisema kwamba tangu siku hiyo, kila alipohubiri, watu walikuwa wepesi kuacha mambo yao ya zamani na kutubu.

Alifunguliwa, maana hatia haikuonekana. Sasa alikuwa huru kwenda popote. Toro kulikuwa na kazi tele, na rafiki, na mfalme Mkristo. Nyumbani Buganda kulikuwa karibu zaidi. Yeye akashika njia ya Semliki, akarudi Mboga.

Tumesoma habari za mashujaa wengi wa Kanisa, na wengi walisifiwa kwa kwenda. Sisi tunaona kwamba jambo gumu la Apolo lilikuwa kurudi. Anayekwenda mara ya kwanza hajui kinachomngoja. Apolo alijua mpaka ukubwa wa fimbo. Tena alirudi pasipo kuomba askari wa kumlinda wala barua ya kumwaibisha Tabaro. Alipiga ngoma asubuhi kama zamani, akaendelea na masomo. Tabaro alimtazama mtu huyu, akashindwa kumwelewa, na mwisho wake akaja mwenyewe kuomba kufundishwa. Alibatizwa akaitwa Paulo.

Miaka iliyofuata tutaipitia upesi. Apolo alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903. Alifanya kazi muda mrefu katika Toro, akitembea kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji, akijenga makanisa ya miti na majani na kuwaweka walimu. Miaka mingi aliishi bila mke, na nyumba yake ilijaa watoto wasio na wazazi aliowalea, kuwavika na kuwafundisha. Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakipatana juu ya mipaka, na Mboga ikaangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji. Wakristo wake wakabaki upande mmoja na kasisi wao upande mwingine. Katikati ya miaka ya 1910 alirudi tena kwao, na safari hii hakuhama.

Mwaka 1921, akiwa na umri wa karibu miaka sitini (umri ambao wengine wetu tunaanza kulalamikia magoti), aliona katika ndoto kwamba Bwana anamwagiza aingie msituni kwa Wambuti, watu wafupi wawindaji wa Ituri. Majirani waliwadharau watu hawa, na wengine walisema wazi kwamba si watu kamili. Apolo aliwaendea, akaketi nao, akajifunza maneno yao, akafanya walichofanyiwa Waganda: akatafuta njia ya kuwapa Neno katika lugha yao. Injili ya Marko ndiyo iliyotafsiriwa. Kabla hajafa aliwaona Wambuti wa kwanza wakibatizwa. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1922, alifanywa kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe, heshima kubwa kwa kasisi wa siku zile. Aliipokea kwa shukrani, akarudi Mboga kwenye shamba lake na watoto wake.

Mwaka 1933 aliugua, akajua kwamba safari yake imekaribia mwisho. Ilikuwa desturi mtu azikwe kichwa chake kikielekea mashariki, na kwa Mganda aliyefia ugenini mashariki ndiko nyumbani. Apolo aliagiza wasimzike hivyo. Alitaka kichwa chake kielekee magharibi, kwenye msitu, kwa kuwa kazi ya huko ilikuwa haijaisha. Alifariki tarehe 30 Mei 1933, wakamzika kama alivyotaka.

Mbegu ile ya Mboga ndiyo iliyozaa Kanisa la Anglikana la Kongo. Mwaka 1972, nchi ikiitwa Zaire, iliundwa dayosisi ya Boga-Zaire, na mwaka 1992 likawa jimbo lenye askofu mkuu wake. Ibada zake nyingi huendeshwa kwa Kiswahili, ingawa Kiswahili chao kinaweza kumshangaza kidogo mtu wa pwani.

Nchi yenyewe imeteseka. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, kumbukumbu ya Apolo ikiwa imetoka tu kupita, watu wenye silaha waliingia Boga na Tchabi iliyo jirani, wakaua watu zaidi ya hamsini, na wengi wakakimbia makao yao. Kwa hiyo tumemwomba kasisi wetu kwamba Mei 30 ijayo, katika sala za asubuhi, tuwataje Wakristo wa Boga pamoja na Wambuti wa msitu ule, naye amekubali. Kengele itapigwa saa kumi na mbili na nusu.