Koch alivyomfuata papasi hadi ndani ya yai

Kama ulikuwa Garissa mwisho wa 2006, unajua mafuriko yalileta nini. Homa ya Bonde la Ufa ikazuka, mbuzi wakaharibu mimba, watu wakafa, masoko ya mifugo yakafungwa. Lakini kabla ya mvua ugonjwa ulikuwa umejificha wapi? Kwa mayai. Kuna mbu wanaotaga mayai yenye virusi kwa udongo. Yanakaa hapo makavu, maji yakija yanaanguliwa.

Kuna jamaa aliuliza swali kama hilo hapa Afrika Mashariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Robert Koch alizaliwa Ujerumani 1843. Alikuwa daktari wa mashambani tu, maabara yake ni nyumbani. 1876 akaonyesha kwamba kimeta, ule unaoangusha ng'ombe ghafla, huletwa na bakteria ambao mbegu zao hudumu udongoni. 1882 akanasa bakteria wa kifua kikuu, baada ya kuwatia rangi ndio waonekane.

1905 akaja Tanzania bara ya leo, wakati huo chini ya Wajerumani. Homa ya papasi ilikuwa inalaza wasafiri. Papasi ni kupe laini, mchana anajizika kwa sakafu ya udongo, usiku anatoka kukunyonya. Koch akawachimbua kwa vibanda vya njia za misafara, akawapasua, akawaweka chini ya hadubini. Vimelea vilivyojipinda kama skrubu akavikuta kwa ovari, halafu ndani ya mayai yenyewe. Yaani mtoto wa papasi anazaliwa nao. Hahitaji hata kuuma mgonjwa!

Ila yai likipasuliwa limekufa. Koch aliona vimelea vimefika. Safari yao hakuiona. Siku hizi wanasayansi hudunga nanopatiko zinazong'aa ndani ya kiinitete cha samaki mdogo anayepenya mwanga, kisha wanazifuata zikisonga kikiwa hai. Hebu fikiria Koch angepewa hicho kifaa.

Lakini usimfanye malaika. Mwaka huo wa 1905 alipewa Nobel, na 1906 akaenda visiwa vya Sese, Uganda, kutibu malale kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Matokeo yalipofifia akaongeza dozi. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka, na macho hayakurudi.

Alifariki Mei 1910 huko Baden-Baden. Majivu yake yako Berlin, ndani ya taasisi inayoitwa kwa jina lake.