Walimu watatu wa Munganga Osler

Leo tunawaletea maisha ya William Osler, munganga wa sifa kubwa. Alizaliwa mwaka wa 1849 katika inchi ya Kanada, mtoto wa mchungaji wa Anglikana.

Tusifikiri alikuwa mtoto mtulivu. Hapana! Alipenda fujo, hata masomo moja yakamfukuza. Baadaye akaingia masomo ya Weston, na pale njo alikutana na Mchungaji Johnson, mwenye kuyaanzisha. Johnson alikuwa na mikroskopi. Alitembea na vijana kuokota mimea na vidudu, kisha wakaviangalia pamoja. Yule mtoto wa fujo akajifunza kuangalia vizuri mbele ya kusema.

Mwaka wa 1867 Osler akaenda Toronto kusoma theolojia, kusudi awe mchungaji kama baba yake. Kule Munganga Bovell akamfungulia nyumba na vitabu vyake. Mwaka uliofuata kijana akaacha theolojia, akashika uganga. Hata alipokuwa mtu mzima, akizama katika mawazo, mkono wake uliandika jina la Bovell kwenye karatasi.

Mwalimu wa tatu, Munganga Palmer Howard, alimpokea Montreal. Huko Osler alipata diploma mwaka wa 1872, na miaka miwili nyuma yake akaanza kufundisha.

Mwaka wa 1889 akafika Baltimore, inchi ya Marekani. Wakati ule wanafunzi wengi wa uganga walikaa tu kwenye viti wakisikiliza mwalimu. Osler akawapeleka kwa kitanda cha mgonjwa: wamuulize, wamguse, wafuate ugonjwa wake siku kwa siku. Na kama vile Bovell, aliwapa waganga vijana ufunguo wa nyumba yake, waingie kusoma vitabu.

Mwaka wa 1892 alitoa kitabu kikubwa cha uganga, kikasomwa inchi nyingi. Mwanzoni aliweka majina ya wale watatu: Johnson, Bovell, Howard. Alikufa Oxford, Uingereza, mwaka wa 1919.

Sisi wanafunzi tunaona hivi: kama Johnson angemhesabu tu kuwa mtoto aliyefukuzwa, wagonjwa wengi wangekosa munganga. Walimu wetu, na darasani mwenu wako watoto wa fujo. Na sisi, mwalimu akitufungulia mlango, tusikawie kuingia.