Nat King Cole: Mtoto wa mchungaji aliyeimba katika nchi iliyombagua

Usiku wa tarehe 10 Aprili 1956, ukumbi wa manispaa wa mji wa Birmingham, jimboni Alabama, Marekani, ulikuwa umejaa Wazungu watupu. Watu weusi walipangiwa onyesho lao baadaye usiku huohuo, kwani ubaguzi haukuruhusu rangi mbili kuketi pamoja. Jukwaani alikuwa Nat King Cole, mwimbaji mweusi mwenye umri wa miaka 37, akisindikizwa na bendi ya Mwingereza Ted Heath. Alikuwa ameimba nyimbo chache tu pale wanaume kadhaa walipochomoka kutoka miongoni mwa watazamaji, wakapanda jukwaani na kumwangusha chini. Polisi waliwakamata papo hapo. Cole, aliyeumia mgongo, alirejea kwa muda mfupi kuwaaga watazamaji, nao wakasimama kumpigia makofi, lakini hakuweza kuendelea na onyesho hilo.

Hakuwa mgeni huko. Alabama ndiko kitovu chake kilikozikwa.

Alizaliwa mjini Montgomery tarehe 17 Machi 1919, akapewa jina la Nathaniel Adams Coles. Baba yake, Edward, alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Mama yake, Perlina, mpiga kinanda wa kanisani. Alipokuwa na umri wa miaka 4 familia ilihamia Chicago, kama zilivyofanya familia nyingi za watu weusi zilizoikimbia Kusini zikitafuta kazi na usalama. Mama ndiye aliyemfundisha piano, na ni alipofikia umri wa miaka 12 tu ndipo alipoanza kusomeshwa muziki rasmi. Ndugu zake Eddie, Ike na Freddy nao walikuja kuishi kwa muziki. Jumapili vijana hao walikuwa wa kanisa; siku nyingine masikio ya Nat yalielekea kwenye vilabu vya jirani, alikopiga Earl Hines, mpiga piano aliyemhusudu kuliko wote.

Mwaka 1936 alirekodi kwa mara ya kwanza, katika bendi ya kaka yake Eddie. Mwaka uliofuata alisafiri na kundi la maonyesho ambalo lilivunjika likiwa Long Beach, California. Hakurudi Chicago. Alibaki huko akipiga piano katika vilabu, kisha akaunda kundi la watu watatu: yeye mwenyewe, mpiga gitaa Oscar Moore na mpiga besi Wesley Prince. Kundi lisilo na ngoma lilikuwa jambo geni enzi hizo za bendi kubwa. Alipunguza herufi moja kwenye jina lake na kuongeza lile la King, yaani mfalme, linalotoka katika wimbo wa watoto wa Kiingereza kuhusu mzee mfalme Cole.

Umaarufu wake uliletwa na mahubiri ya baba yake. Mchungaji Edward alizoea kusimulia kisa cha tai aliyewabeba wanyama mgongoni kwa hila, hadi siku alipombeba tumbili, ambaye alimzungushia mkia shingoni na kumlazimisha kuruka sawasawa. Waliolelewa kwa hadithi za Sungura na Fisi wataitambua mara moja hekima hiyo ya mnyonge. Cole aliigeuza hadithi hiyo kuwa wimbo, Straighten Up and Fly Right, aliourekodi mwaka 1943 katika kampuni changa ya Capitol. Baadaye zikaja Nature Boy mwaka 1948 na Mona Lisa mwaka 1950, na santuri zake ziliuzwa kiasi kwamba jengo la mviringo la Capitol huko Hollywood likaja kuitwa nyumba iliyojengwa na Nat. Wapo wapenzi wa jazi waliosikitika kumwona akiiacha piano nyuma, naye alikuwa mmoja wa wapiga piano bora wa kizazi chake. Masikitiko yao yalikuwa na msingi.

Fedha hazikumnunulia ujirani. Mwaka 1948, yeye na mkewe Maria waliponunua nyumba katika mtaa wa Hancock Park, Los Angeles, wenye nyumba Wazungu walimweleza kwamba hawataki watu wasiofaa wahamie hapo. Cole aliwajibu kwa upole kwamba hata yeye hawataki, na akimwona yeyote atakuwa wa kwanza kulalamika. Hakuhama.

Upole huohuo ulimponza baada ya Birmingham. Wakati wakazi weusi wa Montgomery, mji aliozaliwa, wakisusia mabasi na kutembea kwa miguu, Cole alionekana akiimba katika kumbi zilizowatenga watu wake. Magazeti ya watu weusi yalimshutumu vikali, na viongozi wa chama cha kutetea haki zao, NAACP, hawakumhurumia. Alijitetea kwamba yeye ni mtumbuizaji, na kwamba amewahi kuwashtaki wenye hoteli waliombagua. Hata hivyo, lawama zilimchoma, akajiunga na chama hicho kama mwanachama wa maisha.

Tarehe 5 Novemba mwaka huohuo alianza kipindi chake cha televisheni katika kituo cha NBC, jambo lililokuwa nadra mno kwa mtu mweusi. Ella Fitzgerald na Harry Belafonte walikuja kumuunga mkono kwa malipo madogo. Watazamaji walikuwepo, mdhamini wa kitaifa hakupatikana hata mmoja, kwa kuwa makampuni yalihofia kususiwa na wateja wa Kusini. Baada ya takriban mwaka mmoja Cole mwenyewe aliamua kukifunga, akisema kwa uchungu kwamba watu wa matangazo ya biashara wanaogopa giza.

Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, akiamini zinaipa sauti yake uzito. Mwishoni mwa mwaka 1964 aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Baba yake, yule mchungaji wa kisa cha tai, alifariki mwanzoni mwa Februari 1965. Nat alimfuata tarehe 15 mwezi huohuo, huko Santa Monica, akiwa na umri wa miaka 45. Binti yake Natalie alikuwa na miaka 15. Mwaka 1991, akiwa mwimbaji mashuhuri, aliiunganisha sauti yake studioni na ya baba yake katika wimbo Unforgettable.