Daktari Paul Ehrlich na Mbuzi Wake

Safari hii napenda kuwasimulia habari za Paul Ehrlich, tabibu wa Kijerumani. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji wa Strehlen, ambao leo umo nchini Poland. Tangu uanafunzi alipenda mno rangi za kutilia nguo. Alizitia katika damu, akaona kila namna ya chembe hushika rangi yake, na kwa njia hiyo akazibagua chembe nyeupe aina kwa aina.

Mwaka 1904 yeye na Mjapani Kiyoshi Shiga walipata rangi nyekundu iliyoponya panya wenye vijidudu vya jamii moja na vile vya malale. Kutokana na kazi hiyo ilikuja kupatikana suramini, dawa iliyotumika miaka mingi. Sisi wa Kasulu na Kibondo malale si hadithi. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa Buha ili wasikae penye mbung'o.

Lakini mimi huvutwa zaidi na mbuzi wake. Karibu na mwaka 1900 aliwadunga mbuzi damu ya mbuzi wengine. Miili yao ikafanya kingamwili za kuivunja damu hiyo ngeni, wala hakuna aliyevunja damu yake mwenyewe. Ehrlich akakata shauri kwamba mwili una njia ya kujizuia usijidhuru. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Mrusi Metchnikoff, akafariki tarehe 20 Agosti 1915.

Wengi waliomfuata walimwelewa vibaya, wakashika kwamba mwili kujidhuru ni jambo lisilowezekana. Nionavyo mimi, wagonjwa ndio walioumia. Mwaka 1956 Ernest Witebsky na Noel Rose walionyesha kwa sungura kwamba mwili waweza kuishambulia tezi yake wenyewe ya shingoni. Lupasi na baridi yabisi ni magonjwa ya ukoo huo.

Na ile njia ya kujizuia? Mwaka 1983 wataalamu wa Canada waliona chembe changa nyekundu za damu ya kondoo zikitoa vifuko vidogo mno. Sasa yajulikana kwamba karibu kila chembe hutoa vifuko hivyo, navyo hupeleka protini na maagizo kwa chembe nyingine. Vingine huchochea vita vya mwili, vingine huvituliza. Kwa hiyo watafiti huvipima katika damu na mkojo wa wagonjwa wa lupasi, wapate kuutambua ugonjwa mapema, na vile vya kutuliza wanavijaribu kuwa dawa. Majaribio hayo bado yanaendelea.