Kaburi la Ng'ambo: Ludwig Krapf, Rosine na Mtoto Wao



Kila jubilei ina majina yake ya kukumbukwa. Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma habari za walioanzisha kwaya, walimu waliotufundisha sauti, na wenzetu waliotangulia mbele za haki. Hapa tumeamua kurudi nyuma zaidi, hadi Mombasa ya mwaka 1844. Jina la Johann Ludwig Krapf wengi wetu tulilisikia shuleni, katika somo la historia, pale panaposemwa kwamba aliuona Mlima Kenya akawapasha habari watu wa Ulaya. Yaliyompata nyumbani mwake katika wiki mbili za mwezi wa Julai mwaka ule hayasimuliwi sana. Nasi tumeona yanatuhusu, kwa sababu kwaya ndiyo huitwa kwenye matanga, na tumekwisha kuimba katika nyumba nyingi ambamo mama alikwenda kujifungua na watu wake wakarudi wakilia.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alisomea umisheni mjini Basel, Uswisi, kisha akapokelewa na CMS, chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, kikamtuma Ethiopia mwaka 1837. Huko alikaa miaka kadhaa, akajifunza lugha za wenyeji, na moyo wake ukawaelekea sana Waoromo. Mwaka 1842 alifunga ndoa na Rosine Dietrich huko Misri. Ndoa hiyo haikufikisha hata miaka miwili, na muda wake mwingi ulipita safarini.

Mwaka 1843 walijaribu kuingia tena Ethiopia kwa njia ya Massawa. Katika safari hiyo, nyikani katika nchi ya Washoho, Rosine alishikwa na uchungu kabla ya siku zake kutimia. Alijifungua mtoto wa kike, naye mtoto akaishi saa chache tu. Baba yake alimbatiza kwa jina Eneba, yaani chozi katika lugha ya Kiamhari, akamzika chini ya mti kando ya njia. Wenyeji waliokuwa wakiwaongoza hawakutaka kungoja. Siku ya tatu baada ya kujifungua, mama yule alilazimika kuondoka na kuendelea na safari, akiliacha kaburi dogo nyuma yake. Na huko walikokuwa wakienda hawakuruhusiwa kuingia. Mlango wa Ethiopia ulikuwa umefungwa.

Hapo Krapf alifikiria njia nyingine ya kuwafikia Waoromo: kushuka kwa bahari mpaka pwani yetu na kuingilia upande wa kusini. Mnamo Novemba 1843 waliondoka Aden kwa chombo cha Waarabu. Chombo hicho kilivuja maji baharini, wakakaribia kuangamia, wakaokolewa na chombo kingine. Hawakukata shauri la kurudi Ulaya. Waliondoka tena mwezi huohuo, na Januari 1844 wakafika Unguja, ambako Seyyid Said aliwapokea vizuri na kumpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Kwa hesabu ya miezi, Rosine alikuwa tayari na mimba ya pili wakati wa misukosuko hiyo ya bahari.

Mwezi wa Mei walikuja kukaa Mombasa. Krapf alianza mara moja kujifunza Kiswahili, na tarehe 8 Juni akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo. Aliyemsaidia alikuwa Sheikh Ali bin Mohiddin, kadhi wa Mombasa, Mwislamu na mwanachuoni. Tunalitaja hili kwa heshima, maana kazi ya kuandika Maandiko kwa lugha tunayoiimbia leo ilianza kwa mmishonari na kadhi kuketi pamoja.

Haukupita mwezi, homa ikabisha hodi. Siku zile hakuna aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Jambo hilo lilikuja kuthibitishwa mwaka 1897. Hospitali kama tunazozijua sasa hazikuwepo. Krapf alianguka kitandani tarehe 1 Julai. Tarehe 4, homa ileile ikamshika Rosine, naye siku zake zilikuwa zimetimia. Tarehe 6 alijifungua mtoto wa kike, na mtoto alikuwa hai.

Tuitazame nyumba hiyo kwa muda. Mume yuko kitandani, hawezi kusimama. Mke ni mzazi wa siku moja, anaungua kwa homa. Kati yao kuna kichanga. Mama wa Rosine yuko mbali, dada zake wako mbali, hakuna hata mmoja wa kanisa lake wa kuja kushika mkono na kuomba pamoja naye. Kila mmoja wao aliona kwamba huenda mwenzake akatangulia. Na wote wawili walikwisha kuzika mtoto mmoja mwaka uliopita, kwa hiyo walijua vyema walichokuwa wakikiogopa.

Katika hali hiyo Rosine aliomba. Aliwaombea ndugu zake wa mbali, akaiombea kazi waliyoijia, akaiombea Afrika Mashariki, na akamwombea Seyyid Said, kwamba Mungu auelekeze moyo wake kwenye mema ya milele ya watu wake. Watumishi waliokuwa karibu naye alizungumza nao habari za Yesu. Aliomba pia azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, ili kaburi lake liwakumbushe wapitao sababu iliyowaleta.

Alfajiri ya Jumamosi tarehe 13 Julai alifariki dunia. Mumewe alikuwa amedhoofika kwa maumivu kiasi kwamba ilimbidi ajikokote kutoka kitandani ili ahakikishe kwa macho yake kama kweli amekufa. Kesho yake, Jumapili, alizikwa bara kama alivyotaka. Usiku wa tarehe 15 mtoto naye akafa, akalazwa kando ya mama yake.

Ndugu zetu, tumeyaandika haya kwa sababu ya maneno tunayoyasikia wakati mwingine matangani. Mama akipoteza maisha katika uzazi, au mtoto asipolia, hutokea mtu wa kunong'ona kwamba nyumba ile haikuomba vya kutosha, au kuna dhambi imefichwa, au imani yao ilikuwa haba. Maneno hayo yamewafukuza akina mama kanisani. Wengine wameondoka hata kwenye kwaya, wakaona haya kusimama mbele ya watu. Tukiyapima maneno hayo kwa nyumba ya Krapf hayasimami. Walikuwa watu wa maombi, waliacha kwao kwa ajili ya Injili, nao wakazika watoto wawili na mama katika muda wa miaka miwili. Maandiko yenyewe hayawahukumu watu wa namna hiyo. Katika kitabu kilekile cha Mwanzo, ambacho Krapf alikuwa ameanza kukitafsiri, Raheli anakufa njiani akimzaa Benyamini, na Yakobo anasimamisha nguzo juu ya kaburi lake. Hakuna mahali panaposemwa kwamba Raheli alikosa imani.

Krapf alipona. Alipoweza kushika kalamu, aliwaarifu wakuu wake kule London kwamba sasa wanalo kaburi katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba lichukuliwe kuwa ishara ya kazi iliyoanza. Angeweza kuomba arudishwe kwao, na hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki, na kwa karibu miaka miwili alifanya kazi peke yake mpaka Johannes Rebmann alipofika mwaka 1846. Agosti mwaka huo walianzisha kituo cha Rabai. Rebmann aliiona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Ukambani. Mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa.

Mavuno aliyoyaona kwa macho yake yalikuwa machache sana. Afya ilimlazimu kuondoka mwaka 1853, ingawa alirudi baadaye kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe. Alifariki tarehe 26 Novemba 1881 huko Korntal, Ujerumani. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata.

Kaburi la Rosine na mtoto wake liko mpaka leo upande wa Nyali, pamoja na mnara wa ukumbusho wa Krapf. Karibu na hapo, mwaka 1875, CMS ilianzisha Frere Town kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, na kengele yao ndiyo iliyopaachia jina Kengeleni. Kwa hiyo matakwa ya Rosine yalitimia: watu wanapita, na wanaojua wanakumbuka. Atakayekwenda Mombasa na apitie pale, asimame kidogo.

Sisi wanakwaya tumeona njia bora ya kuiheshimu familia hii katika mwaka wetu wa jubilei ni kufanya mambo mawili. La kwanza, mama mjamzito katika kanisa letu asiachwe peke yake. Sisi tunayo ambayo Rosine hakuwa nayo: kliniki, wakunga waliosomea, chandarua, dawa ya malaria, na gari la jirani usiku wa manane. Tumwombee, na tumpeleke mapema. Mkono mmoja uombe, mwingine ufungue mlango wa gari. La pili, nyumba iliyofiwa na mama au kichanga tuiendee hata baada ya matanga kuanuliwa, bila kuuliza imani yao ilikuwa kiasi gani.

Tutakaposimama leo kuimba kwa Kiswahili, tuwakumbuke Rosine, Eneba, na yule mdogo aliyelazwa kando ya mama yake ng'ambo ya kisiwa. Na mama yeyote aliyeketi kanisani leo akiwa na kaburi dogo moyoni mwake, ajue kwamba tunaimba pamoja naye.