Hans Meyer na Barafu ya Kibo: Somo la Kupima Mara Mbili

Katika mafunzo kwa vitendo tuliyoyasimamia hivi karibuni, tulikaa nyuma ya darasa la tano katika shule moja ya kijijini, kwenye mteremko wa Uluguru unaotazama mji wa Morogoro. Mwanachuo wetu alikuwa akifundisha juu ya mabadiliko ya tabia ya nchi. Alieleza kwamba zamani milima hii ilikuwa na baridi zaidi, masika yalifika kwa wakati wake, na vijito havikukauka. Mtoto mmoja wa kike alinyosha mkono akauliza mwalimu amejuaje mambo hayo, ilhali wakati huo hakuwa amezaliwa. Mwanachuo akajibu kwamba wazee wamesema na vitabu vimeandika. Mtoto aliketi, lakini uso wake ulionyesha wazi kwamba hakuridhika. Nasi pia hatukuridhika.

Swali lile halikuwa utovu wa adabu. Sayansi yote ya tabia ya nchi imejengwa juu ya swali hilo hilo. Kwa sababu hiyo tumeonelea tueleze katika makala hii maisha ya mtu aliyeweza kulijibu, walau kwa sehemu, katika nchi yetu wenyewe. Mtu huyo ni Hans Meyer, Mjerumani anayejulikana kwa kufika kileleni mwa Kilimanjaro mwaka 1889. Uluguru haina barafu. Kilele chake kirefu, Kimhandu, kinazidi kidogo tu mita 2,600. Hata hivyo, namna Meyer alivyofanya kazi juu ya Kibo yaweza kufuatwa na shule yoyote ya Mgeta, Matombo au Kinole kwa vifaa visivyo na gharama.

Malezi yake

Hans Meyer alizaliwa tarehe 22 Machi 1858 katika mji mdogo wa Hildburghausen, Ujerumani. Ukoo wake ulikuwa wa wachapaji. Babu yake, Joseph Meyer, alianzisha mwaka 1826 kampuni ya vitabu iliyokuja kujulikana kwa kamusi elezo yake kubwa. Hivyo kijana huyu alikua kati ya watu ambao kazi yao ilikuwa kukusanya maarifa, kuyapanga na kuyahakiki kabla ya kuyachapa. Alisoma chuo kikuu hadi shahada ya udaktari, akasafiri Asia na Marekani, kisha akaingia katika kazi ya ukoo mjini Leipzig. Utajiri wa kampuni hiyo ndio uliomwezesha kusafiri.

Wakati huo habari za Kilimanjaro zilikuwa bado mpya huko Ulaya. Wachaga waliujua mlima wao na weupe wake tangu kale. Lakini mmisionari Johannes Rebmann alipoandika mwaka 1848 kwamba ameona theluji karibu na ikweta, msomi mmoja wa London, Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alikataa katakata. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linamhusu mwalimu moja kwa moja: kitabu kinaweza kukosea pale ambapo jicho la mwenyeji limeona sawasawa.

Safari tatu za kwanza

Mwaka 1887 Meyer alipanda hadi penye barafu ya Kibo. Ukuta wa barafu ukamzuia, akarudi. Mwaka 1888 alikuja tena pamoja na Oscar Baumann. Safari hii pwani ilikuwa imewaka moto. Kampuni ya Wajerumani ilikuwa imejitwalia madaraka ya pwani, na wananchi wakainuka kuipinga chini ya uongozi wa Abushiri bin Salim. Meyer na Baumann walikamatwa, wakafungwa, na wakaachiliwa baada ya kikomboleo kulipwa. Tusimfiche mtoto wa shule ukweli huu. Meyer hakuwa mgeni asiye na upande, bali alitembea katika kivuli cha bendera iliyokuja kututawala.

Mwaka 1889 alirudi mara ya tatu, akiwa na Ludwig Purtscheller wa Austria, mpanda milima hodari ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha mazoezi ya viungo shuleni. Mangi Marealle wa Marangu aliwapokea. Wapagazi walibeba mizigo, nao watu wa Marangu wamemhesabu Yohani Kinyala Lauwo kuwa miongoni mwa walioongoza njia. Katika kambi ya juu, palipozidi mita 4,000, Muini Amani wa Pangani alibaki akitunza moto na chakula katika baridi kali wakati Wazungu hao wawili wakipanda. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingoni mwa kasoko, yaani shimo la volkano, baada ya kukata vidato katika barafu kwa shoka. Tarehe 6 Oktoba, siku Purtscheller alipotimiza miaka 40, walifika mahali pa juu kabisa. Meyer alipaita kwa jina la mfalme wa Ujerumani. Jina hilo lilifutwa nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, na leo mahali hapo panaitwa Uhuru.

Wengi huishia hapo wanapomweleza Meyer. Sisi twaona kwamba jambo lake kubwa lilikuwa bado mbele. Katika safari hiyo alichora, alipiga picha, na aliandika barafu imeishia wapi, mianya ya ukingo ina upana gani, na barafu ina unene gani. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba maandishi hayo yangekuwa na kazi nyingine.

Kurudi mwaka 1898

Miaka tisa baadaye Meyer alirudi Kibo pamoja na mchoraji Ernst Platz. Alipofika juu alishangaa. Kwa hesabu yake, barafu ilikuwa imerudi nyuma kiasi cha mita 100 kila upande. Mwanya mmoja waliopitia mwaka 1889 kuingia kasokoni ulikuwa umepanuka mara mbili, na barafu yake ilikuwa imebaki nusu ya unene wa awali. Mtu aliyefika hapo kwa mara ya kwanza mwaka 1898 angaliuona mlima mzuri wenye barafu nyingi, akashuka akiusifu. Meyer aliona upungufu kwa sababu alikuwa na daftari la mwaka 1889.

Kutokana na hayo alikadiria kwamba kasoko lingekuwa halina barafu baada ya miongo miwili au mitatu. Hapo alikosea, maana zaidi ya miaka mia moja baadaye barafu ilikuwa bado ipo. Twamwomba mwanachuo azingatie tofauti hii. Vipimo vya Meyer vimebaki kuwa nguzo kwa wataalamu waliomfuata, ilhali utabiri wake umepitwa na wakati. Alichokipima na alichokikisia vilitoka katika kalamu moja, lakini havikuwa na uzito mmoja.

Meyer aliona pia dalili kwamba zamani za kale barafu ya Kilimanjaro ilishuka chini zaidi kuliko siku zake. Je, baridi hiyo ya kale iliupata mlima huu peke yake, au dunia nzima? Mwaka 1903 alikwenda Ecuador, katika milima ya Andes iliyo karibu na ikweta, akakuta dalili za namna hiyo hiyo. Kwa njia hii alisaidia kujenga hoja kwamba tabia ya nchi imewahi kubadilika hata katika nchi za joto. Mwaka 1911 alisafiri tena Afrika ya Mashariki hadi Rwanda na Burundi, na mwaka 1915 akawa profesa wa jiografia ya makoloni huko Leipzig. Alinunua pia kazi za shaba za Benin zilizotekwa na jeshi la Waingereza mwaka 1897. Alifariki Leipzig tarehe 5 Julai 1929. Elimu yake na ubeberu wake vilikaa katika mtu mmoja, na mwalimu hana budi kuvieleza vyote viwili.

Waliofuata

Wakati Meyer akipima barafu, wengine walikuwa wakichunguza hewa. Kiasi cha mwaka 1860 John Tyndall alionyesha katika maabara, London, kwamba mvuke wa maji na gesi ya kaboni dayoksaidi hunasa joto. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alipiga hesabu kwamba gesi hiyo ikiongezeka maradufu, dunia itapata joto zaidi kwa nyuzi kama 5 au 6. Mwaka 1958 Charles Keeling alianza kuipima huko Hawaii. Alikuta sehemu kama 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Siku hizi zimezidi 420.

Kibo nacho kiliendelea kupimwa. Mwaka 1912 barafu yake ilikuwa takriban kilometa 12 za mraba; mwaka 2011 ilikuwa chini ya 2. Hata hivyo wataalamu hawasemi kwamba joto peke yake ndilo lililoila. Upungufu ulianza mwishoni mwa karne ya 19, hali ya hewa ya Afrika ya Mashariki ilipokuwa kavu zaidi. Theluji ikipungua, barafu haijazwi, na jua huigeuza kuwa mvuke hata penye baridi kali. Ongezeko la joto duniani ni jambo la hakika lililothibitishwa kwa vipimo vingi, lakini kila mlima una habari yake. Mwalimu asiukate mjadala kwa sentensi moja.

Kazi darasani

Sasa twarudi Uluguru, ambako Mto Ruvu hupata maji yanayonywewa hadi Dar es Salaam. Twapendekeza yafuatayo:

1. Kipimamvua. Kopo lenye pande zilizonyooka liwekwe uwanjani, mbali na miti na mapaa, mdomo wake ukiwa juu kidogo ya ardhi ili matone yasirukie ndani. Wanafunzi wapime maji kwa rula kila siku saa 3 asubuhi, waandike, kisha wayamwage.

2. Alama ya kijito. Lichaguliwe jiwe moja lisilosogea, na kina cha maji kipimwe hapo tarehe ile ile ya kila mwezi.

3. Mchoro wa msitu. Kila mwaka wanafunzi wasimame mahali pale pale, wachore mahali msitu unapoishia na mashamba yanapoanzia.

4. Wazee. Wanafunzi wawaulize wazee kwa kufuata matukio yanayojulikana: mwaka wa Uhuru, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mvua za El Niño za 1997. Hapo kumbukumbu hupata tarehe, na tarehe huweza kulinganishwa.

Jambo la mwisho ni daftari lenyewe. Tumeona mara nyingi mwalimu akihamishwa, kumbukumbu zake nazo zikapotea, na anayemfuata akaanza upya. Daftari la mvua ni mali ya shule. Likae ofisini na kukabidhiwa kwa maandishi kama vifaa vingine.

Mwanachuo wetu alirudi katika darasa lile na kopo, rula na daftari, akamkabidhi yule mtoto kazi ya kupima wiki ya kwanza. Ukurasa ule mmoja hauwezi kujibu swali lake, wala hatukumdanganya kwamba unaweza. Tulimweleza kwamba jibu huanza pale ukurasa wa pili utakapowekwa kando ya wa kwanza.