Michael Graham: mtaalamu aliyehesabu samaki wa kila wavu

Wasikilizaji wetu wa Muze na vijiji vingine vya bonde la Ziwa Rukwa wanaijua vizuri habari ya maofisa kupima macho ya nyavu. Kipimo hicho kina historia katika maziwa yetu, na ndani yake yumo Mwingereza mmoja, Michael Graham.

Alizaliwa mwaka 1898. Mwaka 1920 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa samaki cha Lowestoft, mji wa wavuvi mashariki mwa Uingereza. Huko alijifunza jambo lililomkaa maisha yote. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuia meli kuvua Bahari ya Kaskazini, samaki waliongezeka. Vita vilipokwisha meli zilirudi kwa wingi, na baada ya miaka michache kila meli ikawa inahangaika.

Mwaka 1927 aliletwa Ziwa Victoria na serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika. Nyavu za makila zilikuwa zimeingia ziwani humo tangu mwaka 1905 hivi, na reli ya Kisumu ikafungua soko. Mwanzoni wavu mmoja ulitoa makumi ya ngege kwa usiku. Alipofika Graham, katika ghuba ya Kisumu ulitoa wachache tu. Wavuvi walilijua hilo kabla yake, tuseme ukweli. Yeye alilitia katika hesabu: samaki wangapi, kwa wavu wa jicho gani, mahali gani. Mwaka 1928 ndiye aliyempa ngege jina lake la kisayansi.

Ripoti yake ya mwaka 1929 ilitaka macho ya nyavu za ngege yasipungue inchi 5, jicho likiwa limevutwa, yaani karibu sentimita 12.7. Sababu yake ni rahisi: ngege mdogo apite, akazae kwanza. Alitaka pia ziwa lote liwe na chombo kimoja cha kulisimamia na kuandika takwimu za samaki, kwa kuwa samaki hajui mpaka wa nchi. Tena alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka maji mengine ni hatari kubwa.

Sheria ya inchi 5 ilitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kuisimamia kulikuwa kugumu, na nyavu za macho madogo ziliendelea kuleta kitoweo. Katika miaka ya 1950 Tanganyika na Uganda ziliifuta, na Kenya ikafuata baadaye. Nyavu za nailoni zikaingia, macho yakazidi kupungua. Miaka hiyohiyo sangara akapandikizwa. Leo ngege ni adimu katika Ziwa Victoria lenyewe. Chombo cha pamoja tulicho nacho sasa kilianzishwa na nchi tatu mwaka 1994, miaka 65 baada ya ripoti yake.

Ziwa Rukwa nalo lilipata mtafiti wake. Kate Ricardo, msichana wa miaka ishirini na kitu, alikuja kuchunguza samaki wake, na ripoti yake ikatoka mwaka 1939.

Graham mwenyewe alirudi Lowestoft, akaandika kitabu cha The Fish Gate mwaka 1943, kisha akawa mkurugenzi wa kituo kuanzia mwaka 1945 hadi 1958. Kwa maoni yetu, fikra yake nzito ilikuja hapo. Alishikilia kwamba uvuvi usiowekewa kiasi mwishowe haumlipi yeyote, hata macho ya nyavu yakiwa makubwa, kwa sababu vyombo vinaongezeka mpaka faida inakwisha. Mkutano wa nchi za Ulaya uliofanyika London mwaka 1946 ulikubali kupima nyavu na urefu wa samaki. Kupunguza meli kukawekwa kando.

Alifariki mwaka 1972. Swali lake la idadi ya vyombo bado linaweza kuulizwa katika mikutano ya vikundi vya BMU mwaloni, pale ambapo wajumbe wanabeba rula ya kupimia nyavu na mitumbwi inazidi kuongezeka.